Herufi Kubwa Kama Korosho

Sehemu ya Tisa

"Mama Samia, usinunue hicho!"

Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, na wapo walionipigia simu kunigombeza, wakitaka kujua sauti ile ni ya nani. Tulieni basi. Hata Mwanawetu mwenyewe alikuwa hajajua. Alikuwa amesimama ndani ya duka la Agapiti, Nachingwea mjini, hela ya kuku wake wote imeshatoka kwenye fundo la kanga, na mkononi ameshika kishikwambi chekundu kinachong'aa kiasi cha mtu kujitazamia meno.

Aligeuka. Mlangoni alisimama msichana mwembamba, anahema.

"Goreti!"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetokea wapi wewe?"

"Nimekuona unapita sokoni, nikakukimbilia. Usinunue hicho, mama. Nakuomba."

Kwa aliyeanza kutufuata leo: Goreti ndiye aliyekuwa akikaa dawati moja na Samia, binti wa Mwanawetu, kule Malolo. Samia ana miaka kumi na sita na ana uoni hafifu tangu azaliwe. Maandishi ya ubaoni hayaoni, ya kitabuni hayaoni. Goreti alikuwa akimsomea yote kwa sauti ya chini. Wazazi wa Goreti walipohamia Nachingwea, Samia akabaki darasani kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni. Shule zilipofungwa alikunja sare yake, akampa binamu yake, akamwambia mama yake neno moja: "Sirudi."

Mwalimu Rahimu ndiye aliyetoa wazo. Mtafutieni kifaa cha kukuza herufi, alisema, mtoto huyu ana akili kuliko wenzake wote. Na shule zinafunguliwa Jumatatu.

"We binti, unaniharibia biashara," Agapiti aliruka. "Kitu hiki ni kipya! Kina kamera mbili, kina muziki, kina kila kitu!"

"Kaka Agapiti, mimi nilinunuliwa kama hicho hicho, hapa hapa kwako. Chaji haifiki adhuhuri. Halafu mwambie mama akitoe nje juani."

Mwanawetu hakungoja kuambiwa mara mbili. Alitoka nacho mpaka barazani, akakiinua usoni. Jua la Nachingwea mnalijua.

"Naona uso wangu tu," alisema.

"Si uweke kivuli, mama!" alidakia Agapiti.

"Mwanangu anasomea uani, kwenye mwanga mkali. Ndani ndiyo haoni kabisa. Nitamwekea kivuli mpaka lini?"

Agapiti alikuna kichwa. Wauza vioo vya kung'aa hawapendi swali la namna hii.

Mwanawetu alirudi ndani, akafungua fundo la pili la kanga. Agapiti alikodoa macho akidhani ni hela zaidi. Kikatoka kitu kimoja: korosho mbichi, yenye ganda lake.

"Samia anasoma yale maandishi yaliyopigwa kwenye magunia ya korosho," alisema, akaiweka ile korosho juu ya kioo. "Yale anayasoma bila shida. Nataka herufi zifike hapa. Zikue kama hii korosho."

Agapiti alicheka mpaka akashika meza. "Mama, unapima kishikwambi kwa korosho?"

"Wewe unapimia nini?"

Agapiti akafuta kicheko, akakiwasha kifaa.

Wakajaribu kile chekundu. Herufi zilikua, ndiyo, lakini mstari ukakimbilia nje ya kioo. Ukitaka kusoma neno moja, uvute kushoto, uvute kulia, na ukifika mwisho umeshasahau mwanzo. Wakajaribu cha buluu, chenye masikio ya sungura. Hicho herufi ziligoma kabisa, kikaanza kuimba wimbo wa bata.

"Mwanangu si wa chekechea," alisema Mwanawetu. Alikuwa ametoka Malolo kwa bodaboda, akapanda gari la Noah Ruangwa mjini, kuku wake hana hata mmoja, na sasa angerudi mikono mitupu. "Goreti, nifanye nini? Niambie nifanye nini, mwanangu."

Goreti alikuwa anatazama mezani. Palikuwa na rundo la risiti, na juu yake, kuzuia feni isizipeperushe, kitu bapa cha kijivu chenye mkwaruzo mkubwa mgongoni.

"Kile je?"

"Kile?" Agapiti alipuuza kwa mkono. "Kile kimekufa. Hakina rangi, hakina muziki, hakipigi picha. Aliniachia mtu mmoja wa mradi alipokuwa anaondoka. Ni cha kusomea vitabu tu, nani anataka?"

Cha kusomea vitabu tu! Jamani, wapo watu wanaokalia dhahabu wakidhani ni kigoda.

Wakakichomeka kwenye umeme. Dakika zikapita, Mwanawetu anakitazama kama mgonjwa aliyepotewa na fahamu. Kikaamka. Goreti akafungua kitabu kilichokuwemo, hadithi ya Kiswahili, akabonyeza herufi zikue. Zikakua. Akabonyeza tena. Zikakua tena, na mstari haukukimbia. Ulijikata wenyewe ukashuka chini, maneno yakabaki mazima ndani ya kioo.

Mwanawetu aliweka korosho juu ya herufi ya kwanza. Ikaifunika barabara.

Akatoka nacho mbio barazani, juani. Maandishi yalitulia meusi, kama yameandikwa kwenye karatasi. Hapo hapo, mbele ya wapita njia na bodaboda waliokuwa wanamkodolea macho, Mwanawetu alilia.

"Chaji yake inakaa wiki na zaidi," Goreti alimwambia, akimshika bega. "Na kina tabia moja, mama. Hata ukikizima, ukurasa wa mwisho unabaki hapo hapo."

Lakini Agapiti naye ana macho. Aliona yale machozi, akajua amelalia nini.

"Sasa hicho," alianza, akijikohoza, "hicho ni bei nyingine."

"Kaka," alisema Goreti, "si umesema kimekufa? Tangu lini maiti ikawa na bei?"

Wateja wawili waliokuwa pembeni waliangua kicheko. Agapiti akatazama chini, akapokea alichopewa, na ili asionekane mbaya akaingiza na vitabu vingine kwa waya wa kompyuta yake. Hela ya nauli ikabaki.

Hapo ungedhani tumefika. Hatujafika. Nyumbani kulikuwa na Masoudi.

Masoudi, mume wa Mwanawetu, ni mtu mwema. Nalisema mapema kwa sababu baadaye mtanibishia. Ni mkulima ambaye korosho zake hupita kwenye mizani bila hata kutazamwa mara mbili, maana Malolo nzima inajua Masoudi hatii uchafu guniani. Lakini mtu fulani alimwingiza maneno kichwani kwamba vioo vinavyowaka vinamaliza macho. Akaapa. Siku atakayoona kioo cha namna hiyo mbele ya Samia, atakitia kinuni akitwange.

"Macho aliyobakiwa nayo ni machache," alisema siku ile. "Sitaki mtu ayachezee."

Kwa hiyo Mwanawetu alipanga hivi. Kifaa akifiche mpaka Jumapili. Mwalimu Rahimu aje, azungumze na Masoudi mwanaume kwa mwanaume, amwonyeshe kwamba hiki hakiwaki kama simu. Hapo ndipo Samia apewe zawadi yake, na Jumatatu aende shule.

Akifiche wapi? Nyumba ya vyumba viwili haina siri. Lakini stoo kulikuwa na gunia moja la korosho, limefika nusu. Msimu umekwisha, mikorosho imeshatoa ilichokuwa nacho, na ghala la chama cha msingi cha wakulima halipokei gunia nusu. Kila mkulima wa kwetu anajua kwamba gunia nusu halitoki nyumbani. Hukaa hapo mpaka mwakani au watu wazitafune korosho zake. Pahali salama zaidi ya hapo hapakuwepo.

Jioni ile ile Mwanawetu alizungushia kifaa kanga, akachimba korosho mpaka chini kabisa ya gunia, akakifukia. Akalala kwa furaha.

Asubuhi akaenda kisimani. Foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi na ndoo kichwani, Samia alikuwa peke yake uani, anachagua choroko kwa kuzipapasa.

"Baba yako yuko wapi?"

"Ameenda ghalani, mama. Leo ndiyo mwisho wa kupokea mzigo wa mnada."

"Ameenda kufanya nini? Sisi si tulishapeleka?"

"Amepeleka lile gunia la stoo."

Ndoo ilianguka. Maji yalimwagika mpaka miguuni kwa Samia.

"Lile ni nusu!"

"Lilikuwa limejaa, mama. Wameshindwa kulibeba wawili, wakaita wa tatu."

Mwanawetu aliingia stoo. Patupu. Sindano ya kushonea magunia ilikuwa sakafuni, uzi bado umo tunduni. Limejaaje? Alitoka kwa mlango wa nyuma, akapita kando ya lile fungu la kokoto ambalo Masoudi alikuwa amekusanya kwa ajili ya msingi wa choo. Fungu lilikuwa limepungua. Aliliona, lakini hakuliwaza. Kichwani mwake palikuwa na kitu kimoja tu: bambo.

Bambo ni kile chuma chenye ncha ambacho mpokeaji huchoma nacho gunia ili achote korosho za ndani azipime ubora. Huchoma juu, kisha huchoma chini. Chini!

"Mama, kuna nini?" Samia alisimama. "Mama, unalia?"

"Nishike kanga, tukimbie."

"Kuna nini?"

"Kimbia, mwanangu!"

Walikimbia. Mama mbele, binti nyuma ameshika pindo la kanga, wanakata katikati ya mikorosho, miguu inateleza kwenye majani makavu. Mwanawetu alikuwa anasali kwa sauti. Alimwomba Mungu foleni iwe ndefu ghalani kama ilivyokuwa kisimani.

Haikuwa ndefu. Walipofika, Masoudi alikuwa wa mwisho. Gunia lake lilikuwa limesimama mbele ya mizani, na mtunza ghala Twaha, mtu mrefu asiyecheka na mtu, alikuwa ameshainamisha bambo.

"Juu, safi," Twaha alisema, akimimina korosho kiganjani. "Kama kawaida ya Masoudi."

Masoudi jasho lilikuwa linamtiririka, na asubuhi ile palikuwa na baridi.

"Haya, chini."

Bambo likashuka.

"Acha!"

Mwanawetu alijirusha. Mama mzima, mwenye heshima zake, alilikumbatia gunia kama mtu aliyefiwa, ncha ya chuma ikasimama inchi chache kutoka kwenye mkono wake.

"Mama Samia!" Masoudi alipiga kelele. "Umeingiwa na nini?"

"Usichome chini, Twaha. Nakuomba kwa Mungu, usichome."

Wakulima waliokuwa wanakunja maturubai yao walisogea. Twaha alisimama wima taratibu.

"Kwa nini nisichome chini?"

Sasa hebu jiwekeni mahali pake. Mwaka jana mzigo wa kijiji ulirudishwa kutoka ghala kuu kwa sababu ya kokoto guniani, na wakulima wote wakala hasara ya mtu mmoja. Tangu hapo, kitu chochote kisicho korosho kikionekana ndani ya gunia, mwenye gunia anafutwa chamani, jina lake linasomwa mbele za watu. Akisema kuna kitu, anamvua nguo mumewe. Akinyamaza, chuma kinapasua macho ya mwanawe.

Alimtazama Masoudi. Akamtazama Samia, amesimama mlangoni, kichwa kimeinama upande kama anavyofanya akitaka kusikia vizuri.

"Kuna kitu ndani," alisema. "Nimekiweka mimi. Masoudi hajui."

Makelele yaliyolipuka hapo siwezi kuyaandika gazetini.

"Mwageni!" Twaha aliamuru.

"Hapana!" Huyo alikuwa Masoudi. Sauti yake ilitoka nyembamba, si yake. "Twaha, ndugu yangu, ngoja. Nirudishe gunia langu nyumbani. Nimeghairi. Siuzi."

"Mwageni, nimesema."

Vijana wawili wakakata uzi, wakalipindua gunia juu ya turubai. Korosho zikamwagika. Zikafuata kokoto.

Si moja, si mbili. Zilishuka kwa kishindo, nyeupe kwa vumbi, rundo zima, zikagongana na kuviringika mpaka miguuni kwa watu. Kisha korosho tena. Na mwisho kabisa, kanga ya Mwanawetu, ikajifungua yenyewe, na kile cha kijivu kikateleza juu ya mawe, kizima, kikalala chali.

Mwanawetu hakukiona. Alikuwa anatazama kokoto. Alizijua. Alizisaidia kuzikusanya kwa mikono yake.

Aliinua macho kwa mumewe, na Masoudi akasogea, akamnong'oneza kwa midomo iliyokauka.

"Miwani, mama Samia. Nilisikia hospitali ya macho wanatoa miwani minene inayomfaa. Nilipungukiwa kidogo tu. Gunia moja tu. Nilitaka nimfanyie mwanangu zawadi."

Wote wawili! Kila mtu kwa siri yake, gunia hilo hilo moja.

Wakati huo Samia alikuwa amepiga magoti kando ya turubai. Hakuna aliyemwangalia. Mikono yake ilikuwa imepapasa mawe, ikakutana na kitu laini, ikakiinua karibu na uso. Kilikuwa kimezimwa, lakini ukurasa ulikuwa umebaki pale pale Goreti alipouacha.

"A-li-ye-ba-ki," Samia alisema.

Watu wakageuka.

"Aliyebaki nyuma... alipiga kelele," alisoma, polepole, kwa sauti iliyopanda kila neno. "Na wote wakageuka." Aliinua uso, machozi yanamshuka. "Mama! Nasoma! Mama, nasoma mwenyewe, hakuna anayenisomea!"

Masoudi alifunika uso kwa viganja, akalia mbele ya wanaume wenzake.

Kuna watu ambao kitu kama hicho kingewalainisha. Twaha siye. Alivuka rundo la mawe, akainama, akakichukua kile kifaa kutoka mikononi mwa Samia bila ukali na bila upole.

"Hiki kinabaki ghalani," alisema. "Mwaka jana nilisimama hapa hapa nikatukanwa na kijiji kizima kwa kosa la mtu mmoja aliyekaa kimya. Safari hii hakitoki mpaka nijue mawe haya yametiwa na nani."

"Mimi," alisema Mwanawetu.

"Umesema uliweka hiki."

"Na mawe ni mimi. Vyote. Mume wangu hajui kitu."

"Mama anadanganya."

Alikuwa Samia. Alisimama, ametazama mahali ambapo sauti ya Twaha ilikuwa inatoka.

"Mama alikuwa kisimani. Mimi nilikuwa nimelala karibu na ukuta wa stoo. Sioni, lakini nasikia. Nilisikia mawe yanaingia guniani. Nilisikia na pumzi ya mtu."

"Ulimsikia nani?" Twaha alimsogelea, akakinyoosha kile kifaa mpaka kikamgusa vidole. "Nitajie, binti, na ukichukue. Jumatatu uende nacho shule."

Vidole vya Samia vilikishika. Vilipita juu ya kioo, juu ya zile herufi, mara moja, mara mbili. Nyuma yake baba yake alikuwa anapumua, na pumzi ile aliijua.

"Sema, mwanangu," alisema Masoudi. "Sema tu. Kichukue."

Samia alivikunja vidole vyake kimoja kimoja. Akarudisha mkono, akauficha ndani ya kanga.

"Ni mimi," alisema. "Mawe nimetia mimi."

Nje, gari la kuchukua mzigo lilipiga honi. Twaha hakugeuka. Aliwatazama wote watatu, mama, baba na mtoto, kila mmoja akiwa na kosa moja mkononi. Kisha akakitia kile kifaa mfukoni, akafunga mlango wa ghala kwa ufunguo, kwa ndani, asitoke mtu mpaka ukweli ujulikane.